Presha baada ya kujifungua: jinsi ya kujipima nyumbani, kuandika, na kujua lini usingoje kesho

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nimejipima nikapata 150, nimerudia ni 128, nimerudia tena ni 141. Nishike ipi?" Ukimhoji aliyeuliza, unakuta kipimo cha kwanza alichukua mtoto akiwa kwenye titi, cha pili akiwa amelala ubavu, cha tatu akiwa anajibu simu. Jibu ni kwamba asishike hata kimoja.

Kosa la pili linatisha zaidi. Mama anapima vizuri kabisa, anaona 162, anashtuka, halafu anaamua kulala kwanza aone asubuhi itakuwaje. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya makosa hayo mawili.

Kuna jambo moja la kuliweka kichwani kabla hatujaanza. Kuzaa hakumalizi presha. Kwa wengi presha hupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6, yaani mama ameshatoka wodini na macho ya watu wote yako kwa mtoto. Maji yaliyokuwa yamejikusanya kwenye nyama za mwili wakati wa ujauzito hurudi kwenye mishipa ya damu, na mishipa inajaa. Hata ambaye hakuwahi kuambiwa ana presha kliniki anaweza kuipata siku hizo. Jina "kifafa cha mimba", yaani degedege linaloletwa na presha ya uzazi, nalo limewapotosha watu wengi, kwa sababu mimba inaweza kuwa imekwisha na kifafa kikaja. Hatari ni kubwa zaidi ndani ya saa 48 za kwanza, ila haiishi mpaka wiki 6 zipite.

## Vitu vya kuandaa

- Mashine ya presha inayofungwa mkono wa juu. Zile za kifundo cha mkono na za kidole ziache, kwani hubadilika sana kwa mkao. Muulize muuzaji au mkunga kama mashine hiyo imejaribiwa na kuthibitishwa kwa wajawazito. Zipo mashine ambazo kwa mtu wa kawaida zinapima sawa, lakini kwa mama mwenye dalili za kifafa cha mimba zinasoma chini ya ukweli.
- Mkanda unaolingana na mkono wako. Hili tutalirudia.
- Futi ya fundi nguo, ya kupimia unene wa mkono.
- Daftari na kalamu. Mashine nyingi zina kumbukumbu, lakini hazikumbuki kwamba siku ile kichwa kilikuwa kinauma.
- Kiti chenye egemeo na meza, pamoja na betri za akiba.
- Karatasi ya kutokea hospitali, yenye majina ya dawa na vipimo vyake.
- Mtu mmoja mzima wa nyumbani aliyesoma mwongozo huu pamoja nawe. Siku ya kuzidiwa hutaweza kujisomea.
- Usafiri uliokwisha kupangwa. Nani ataendesha au nani ataitwa, na usiku wa manane je?

## Hatua ya 1: Usitoke wodini bila majibu

Siku ya kuruhusiwa kila mtu ana haraka. Hata hivyo kaa kitako, uliza, na andika majibu palepale:

1. Presha yangu ya mwisho ni ngapi, na ile ya juu kuliko zote tangu nijifungue ilikuwa ngapi?
2. Nameza dawa gani, saa ngapi, na nani ataamua niache?
3. Nipime mara ngapi kwa siku?
4. Ikizidi, nipige namba ipi au niende mlango upi?
5. Narudi lini?

Kama ulikuwa na presha wakati wa ujauzito au uchungu, saa 72 za kwanza zisipite bila kupimwa na mhudumu wa afya, na upimwe tena kati ya siku ya 7 na ya 10. Ukiambiwa "rudi baada ya wiki sita" peke yake, uliza tena kwa upole. Presha kali mara nyingi inatokea kabla ya miadi hiyo.

Utajua umefaulu ikiwa mtu wako wa nyumbani anaweza kujibu maswali yote matano bila kukuamsha.

## Hatua ya 2: Ipime mashine yenyewe

Peleka mashine yako hospitali au kituo cha afya. Mwombe nesi akupime kwa yake, kisha baada ya dakika moja au mbili ujipime kwa yako, mkono uleule. Tofauti ya namba ya juu (ile kubwa, inayoandikwa kwanza) ikiwa ndani ya 5, mashine ni nzuri. Ikiwa kati ya 5 na 10, rudieni. Ikizidi 10, usiitegemee mpaka ujue tatizo ni mkanda au mashine yenyewe.

Siku hiyohiyo pima mikono yote miwili. Ule uliotoa namba kubwa ndio utakaoutumia siku zote. Ukipima kulia leo na kushoto kesho, hutajua kama kilichobadilika ni presha au ni mkono.

## Hatua ya 3: Chagua mkanda

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika, na mtu hulaumu betri. Zungusha futi katikati ya mkono wa juu, nusu ya njia kati ya mfupa wa bega na kiwiko. Tuseme umepata sentimita 35. Mkanda unaokuja na mashine nyingi za nyumbani ni wa sentimita 22 hadi 32, na kipimo hicho kimechapwa pembezoni mwa mkanda wenyewe. Wewe huo haukufai, unahitaji mkubwa.

Mkanda mdogo kwa mkono mnene husoma juu kuliko presha yako halisi, na unaweza kuanzishiwa dawa usizozihitaji. Mkanda mkubwa kwa mkono mwembamba husoma chini, na hilo ni baya zaidi, maana utaambiwa uko salama. Kama mkanda unafunguka wenyewe ukijaa hewa, au unapishana mpaka alama yake inatoka nje ya mstari uliochorwa, umeshapata jibu.

## Hatua ya 4: Tuliza mwili dakika tano

Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usifanye kazi ya kutoa jasho. Nenda haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha namba.

Kisha keti. Mgongo uegemee kiti, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu isipandishwe mmoja juu ya mwingine. Kama una mshono na kukaa wima kunauma, weka mto chini, au ngoja dawa ya maumivu ifanye kazi. Maumivu nayo hupandisha presha.

Kaa hivyo dakika tano kamili bila simu, bila televisheni, bila kuongea.

Najua mama mwenye mtoto wa siku nne anaposoma "dakika tano za utulivu" anacheka. Wakati mzuri ni baada ya mtoto kushiba na kulala, na awe mikononi mwa mtu mwingine au kitandani kwake. Usipime ukiwa unanyonyesha, na usipime mtoto analia. Kama dakika tano zimekatika, anza upya, usizijumlishe vipandevipande.

## Hatua ya 5: Funga mkanda na pima mara mbili

Mkono uwe wazi. Mkono wa gauni uliokunjwa na kubana juu ya mkanda ni kama kufunga mkono kwa kamba kabla ya kupima, namba itakayotoka haina maana. Afadhali utoe mkono mzima nje ya nguo.

Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko. Alama ya mshale ikae upande wa ndani, pale mshipa unapopita, na mpira uelekee kiganjani. Vidole viwili viweze kupita chini ya mkanda. Vikipita vitatu umelegea, kisipopita hata kimoja umebana.

Laza mkono mezani, kiganja kikiangalia juu, kwa namna ambayo mkanda uko usawa wa moyo. Tumia mto au khanga iliyokunjwa ikiwa meza ni fupi. Huu si urembo. Kila sentimita 10 mkono unaposhuka chini ya moyo, namba hupanda kwa karibu 8, na ukiuinua juu ya moyo zinashuka vivyo hivyo. Aliyepima mkono ukining'inia amejiongezea presha bure. Aliyelala ubavu na mkono ukawa juu amejificha ugonjwa.

Bonyeza. Usiongee, hata kama mtu amekuuliza "inasemaje?" Kuongea peke yake kunaweza kuongeza namba ya juu kwa takriban 10.

Mashine ikimaliza, andika, subiri dakika moja bila kuinuka, pima tena. Mara nyingi cha kwanza kinakuwa juu kidogo. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya 10, pima cha tatu na utumie vile viwili vya mwisho. Usiendelee kupima mpaka upate namba unayoipenda. Huko ni kuibembeleza mashine.

Skrini ikionyesha herufi E badala ya namba, mara nyingi mkono ulitikisika au mkanda umelegea. Toa hewa yote, ngoja dakika moja, funga upya.

Utajua umefaulu ikiwa vipimo viwili vya mfululizo vinapishana kidogo, na ukirudia kesho saa ileile kwa mkao uleule hupati maajabu.

## Hatua ya 6: Andika kabla hujafungua mkanda

Pima asubuhi na jioni, kabla ya kumeza dawa ya presha, isipokuwa daktari amekupangia vingine. Kila mstari uwe na siku tangu kujifungua, saa, vipimo vyote viwili, mapigo ya moyo, dawa uliyomeza, na unavyojisikia. Ukurasa ukae hivi:

*Siku ya 4, saa 1:30 asubuhi, mkono wa kulia: 142/92, 138/88. Mapigo 84. Sina shida.*

*Siku ya 4, saa 2:00 usiku: 146/94, 144/92. Mapigo 86. Dawa nimemeza baada ya kupima.*

*Siku ya 5, saa 1:30 asubuhi: 152/98, 148/96. Mapigo 88. Kichwa kinauma kidogo kwenye paji.*

Tazama ukurasa huo polepole. Hakuna namba hata moja hapo ambayo ingemfanya mtu akurupuke. Ila wastani umetoka 140 ukaenda 145 ukaenda 150 ndani ya saa 24, na mara ya tatu kichwa kimeingia. Hiyo ni ngazi inayopanda. Mama huyu anapiga simu asubuhi ileile na anakwenda kuonwa siku hiyo. Bila daftari angekumbuka tu kwamba "presha ilikuwa mia na arobaini na kitu".

## Hatua ya 7: Soma namba, na uifuate

Kanuni moja ya kusoma: namba yoyote kati ya mbili ikivuka mpaka, umevuka. 138/112 si "ya juu iko sawa". Hiyo ni presha kali kwa sababu ya ile 112.

Chini ya 140/90. Endelea na ratiba, na dawa kama unatumia. Ukiwa kwenye dawa na presha inakaa chini ya 130/80, mjulishe daktari ili apunguze kipimo. Usipunguze mwenyewe.

140/90 hadi 149/99. Imepanda. Rudia baada ya nusu saa ya kupumzika. Ikibaki hapo, mjulishe mkunga au daktari siku hiyohiyo, na uongeze kupima. Ikiwa hujawahi kuwa na presha kabla, usiipuuze eti ni ndogo. Hapo ndipo inapoanza.

150/100 hadi 159/109. Onwa leo. Kwa kawaida hapa ndipo dawa zinapoanzishwa au kuongezwa. Leo maana yake leo, hata kama ni Jumapili.

160/110 au zaidi. Hii ni dharura hata kama hujisikii vibaya. Mpe mtu kazi ya kuita usafiri sasa hivi, halafu ukiwa umekaa unamsubiri, rudia kipimo ndani ya dakika 15. Ikirudi ileile, au ukiwa na dalili yoyote ya hatua ya 8, nenda. Hospitali inatakiwa kuishusha presha ya namna hii ndani ya dakika 30 hadi 60 tangu ithibitike, kwa sababu mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Ukilala nayo usiku mzima umeongeza saa nane juu ya hizo dakika.

Mtu atakuambia, "Mbona uko sawa tu, unatembea, unacheka?" Presha ya 170 inaweza kukaa kwa mtu anayecheka. Tunajipima kwa sababu hiyo.

Upo pia upande wa pili. Presha ya chini sana, tuseme 85/50, pamoja na mapigo ya haraka, kizunguzungu na jasho la baridi, kwa mama aliyejifungua inaweza kuwa damu inapotea, hata ile isiyoonekana nje. Hiyo nayo ni dharura.

## Hatua ya 8: Dalili zinazoishinda mashine

Ukiona mojawapo ya hizi ndani ya wiki 6, unakwenda hospitali hata kama mashine inasema 138/86:

- Maumivu makali ya kichwa yasiyotulia baada ya kumeza parasetamoli.
- Kuona vimulimuli, ukungu, vitu viwiliviwili, au giza upande mmoja.
- Maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu upande wa kulia. Wengi huyaita vidonda vya tumbo au gesi, kumbe ni ini linalolalamika.
- Kukosa pumzi, hasa ukilala chali, au kuamka usiku ukitafuta hewa.
- Uso na mikono kuvimba ghafla. Miguu kuvimba siku za mwanzo ni kawaida kwa wengi, lakini mguu mmoja kuvimba na kuuma ni jambo jingine, huenda damu imeganda, na huo pia unakwenda kuonwa.
- Kutapika pamoja na kichwa au tumbo la juu kuuma.
- Kuchanganyikiwa, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kukwama.
- Kutikisika au kuzimia.

Neno kuhusu kichwa, kwa maana ndicho kinachowachanganya watu. Aliyechomwa sindano ya uti wa mgongo anaweza kuumwa kichwa kinachozidi akikaa au kusimama na kupoa akilala. Aliyekosa usingizi siku tano naye kichwa kitamuuma. Ukiwa nyumbani huna njia ya kutenganisha hivyo na kichwa cha presha kwa kukisia, kwa hiyo kila kichwa kinachouma kipimiwe presha kwanza, ndipo uzungumzie uchovu.

### Ukifika hospitali, sema hivi

Mlangoni hutaonekana mzazi. Tumbo limeshuka, mtoto ameachwa nyumbani, na aliye mapokezi anaona mwanamke anayelalamika kichwa. Basi sentensi yako ya kwanza iwe:

"Nimejifungua siku sita zilizopita. Presha yangu ni 164/112, nimepima mara mbili. Kichwa kinauma na naona ukungu."

Siku, namba, dalili, kwa mpangilio huo. Kisha toa daftari. Ukiambiwa kaa foleni, yule mliyeongozana naye arudie sentensi ileile kwa nesi mwingine, bila ugomvi na bila kuchoka. Huko ndani watapima damu na mkojo kuangalia figo, ini na chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), na wakiona hatari ya kifafa watakupa magnesiamu salfeti. Sindano hiyo huleta joto kali mwilini na uzito. Usishtuke, ila sema kama pumzi inabana.

## Hatua ya 9: Dawa

Zinazotumika sana kwa mama anayenyonyesha ni nifedipini, labetaloli, enalaprili na amlodipini. Zinapita kidogo mno kwenye maziwa, kwa hiyo usiache dawa kwa ajili ya kunyonyesha, wala usiache kunyonyesha kwa ajili ya dawa. Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati au ana ugonjwa, mwambie daktari kabla hajaandika.

Mambo matano yanayokosewa:

Kuacha presha ikishuka. Presha ni 126/80 kwa sababu umemeza. Dawa nyingi hupunguzwa taratibu ndani ya wiki kadhaa, na anayepunguza ni daktari akitazama daftari lako.

Kutoboa au kusaga nifedipini na kuiweka chini ya ulimi. Watu bado wanashauriana hivi. Presha inaweza kuporomoka ghafla na ubongo ukakosa damu. Vidonge vya kuachia dawa polepole humezwa vizima.

Kuazima dawa ya ndugu. Labetaloli, kwa mfano, inaweza kumfunga pumzi mwenye pumu.

Kuendelea na methildopa ya wakati wa mimba bila kuuliza. Baada ya kujifungua dawa hii kwa kawaida hubadilishwa, kwa kuwa huweza kuchangia sonona. Usiiache ghafla, uliza ibadilishwe.

Kuchanganya na dawa za dukani. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini hupandisha presha. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ziulizie kwanza, hasa kama figo ziliguswa. Parasetamoli haina tatizo hilo.

Chumvi punguza, jumla isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye vyakula vya viwandani. Maji kunywa kama kawaida. Hakuna kinywaji cha kushusha presha ya 160, na kila saa unayotumia kukijaribu inaliwa na ugonjwa.

## Hatua ya 10: Akidondoka kifafa

Hii imeandikwa kwa ajili ya mtu wa nyumbani, soma leo.

1. Mtoe mtoto mikononi au kitandani.
2. Mlaze mama ubavu wa kushoto, sakafuni ni salama kuliko kitandani, ili mate na matapishi yatoke na njia ya hewa isizibe.
3. Sogeza vitu vigumu. Usimkandamize kuzuia kutikisika.
4. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Meno yatavunjika au ataziba koo. Ulimi haumezwi.
5. Tazama saa kilipoanza na kilipokoma.
6. Kikikoma, mwache ubavu hivyohivyo. Usimpe maji, chakula wala kidonge.
7. Ondokeni. Safarini abaki ubavu, na mtu akae kichwani pake.

Usisubiri azinduke ndipo muondoke. Kifafa cha kwanza kinaweza kufuatwa na cha pili. Kama mama hajawahi kuwa na kifafa, na amejifungua ndani ya wiki 6, msikubali kuambiwa ni kitu kingine kabla hajapimwa presha.

## Hatua ya 11: Kuanzia wiki ya 2 kwenda mbele

Namba zikitulia siku kadhaa, daktari ataanza kupunguza dawa, nawe utapunguza kupima. Endelea kuandika mpaka uwe umeacha dawa na presha imekaa chini ya 140/90.

Miadi ya wiki ya 6 iende hata kama uko mzima kabisa. Hapo unapimwa presha na mkojo, kuona kama protini imeisha. Presha ikibaki juu baada ya wiki 12, hiyo si ya uzazi tena, ni presha ya kudumu na inatafutiwa chanzo na matibabu yake.

Njia ya uzazi wa mpango chagua kwa kuzungumza na mhudumu. Vidonge vyenye estrojeni havifai presha ikiwa juu, na katika wiki 6 za mwanzo havifai hata kwa asiye na presha kama ananyonyesha. Kitanzi, kipandikizi na vidonge vya homoni moja vinafaa kwa wengi. Ukiwa unameza enalaprili, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa dawa hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni. Ukipanga kubeba tena, ibadilishwe kwanza.

Aliyewahi kupata kifafa cha mimba au dalili zake ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kuja kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya mbele, ukimlinganisha na asiyewahi. Kwa hiyo presha ipimwe angalau mara moja kila mwaka, na daktari wa ugonjwa wowote aambiwe habari hiyo.

Daftari usilitupe. Ukishika mimba nyingine, liende nawe hudhurio la kwanza, na uende mapema. Aspirini ya kipimo kidogo inayopunguza hatari ya ugonjwa kurudi huanzishwa kwa ushauri wa daktari kuanzia wiki ya 12, na inafaa iwe imeanza kabla ya wiki ya 16. Wengi hufika kliniki wiki ya 20, muda ulio bora umeshapita.